Kususia masomo au kuingia barabarani: Nigeria, 1978

Aprili 1978, chini ya serikali ya kijeshi ya Olusegun Obasanjo, gharama ya chakula cha mwanafunzi wa chuo kikuu Nigeria ilipanda. Chama cha kitaifa cha wanafunzi, NUNS, chini ya Segun Okeowo, kilikuwa na njia mbili za kupinga: kususia masomo au kuandamana.

Kususia masomo kulikuwa na nguvu moja kubwa: hata mwoga aliweza kushiriki, kwa kubaki tu bwenini. Lakini darasa tupu halimsumbui mwanajeshi, naye mwananchi wa kawaida halioni.

Maandamano yaliwafikishia watu kilio hicho. Kaulimbiu ya kutaka Ali aondoke, yaani Kanali Ahmadu Ali aliyesimamia elimu, ilienea nchi nzima. Gharama yake ilikuwa damu: wanafunzi walipigwa risasi Lagos na Zaria, kisha NUNS ikapigwa marufuku.

Wapo wanaosema wangetulia chuoni wangesalimika. Sikubaliani nao kabisa. Zaria risasi ziliwafuata wanafunzi humo humo chuoni. Kwangu mimi, barabara ndiyo iliyowapa sauti, na aliyefyatua risasi ndiye wa kulaumiwa.