Implanti za meno kwa waliopandikizwa figo: kliniki ya kulipia na ya kukimbia

Kwa mtu anayeishi na figo ya kupandikizwa, implanti ya titani (skrubu inayopachikwa ndani ya taya ili ibebe jino bandia) hushika na kudumu, mradi isifanywe kwa papara. Miezi 6 ya kwanza baada ya kupata figo, dozi za kushusha kinga zikiwa bado juu, kliniki inayokubali kumtoboa taya kwa jambo lisilo la dharura tunaipa sifuri.

Kliniki ya kulipia utaijua kabla sindano ya ganzi haijaguswa. Daktari wa meno humwandikia daktari wa figo (wagonjwa wengi hurudi kutoka kupandikizwa India na faili nene, naye aombe nakala), kisha hudai majibu mapya ya chembe nyeupe za damu, chembe sahani (za kugandisha damu), kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na HbA1c (wastani wa sukari ya miezi michache). Prednisolone na tacrolimus, dawa za kushusha kinga, huweza kuleta kisukari, na sukari ikipanda mfupa huchelewa kuishika skrubu. Huuliza pia kama umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, kwani baadhi huweza kusababisha mfupa wa taya kufa baada ya kutobolewa. Fizi zilizovimba kwa ciclosporin, nayo dawa ya kushusha kinga, hutibiwa kwanza.

Madaktari wa meno wengi huharibu kwenye karatasi ya dawa. Diclofenac na ibuprofen, zinazogawiwa kama njugu kwa maumivu ya jino, huiumiza figo, paracetamol inatosha. Clarithromycin na erythromycin, antibiotiki mbadala kwa wenye mzio wa penisilini, hupandisha tacrolimus kwenye damu hadi kuwa sumu. Fluconazole ya fangasi za mdomoni hufanya vivyo hivyo.

Baada ya skrubu kuingia, taya la chini hungoja kama miezi 3, la juu hadi 6 maana mfupa wake ni laini. Jino la juu yake tunapendelea lifungwe kwa skrubu. Lililogundishwa kwa saruji huacha mabaki chini ya fizi, bakteria wakapata maskani, na dawa za kushusha kinga hunyamazisha uvimbe na homa: ukisubiri usaha, mfupa umeshaliwa. Kwa hiyo ziara ya kila miezi 3 iwe ndani ya bei tangu mwanzo. Isipokuwemo, ulizia kwingine.

Dawa ya kusukutua mdomo, klorheksidini ya 0.2%, ni mililita 10, dakika moja, asubuhi na jioni kwa wiki 2. Iachanishe na dawa ya meno kwa nusu saa, la sivyo hupungua nguvu. Itatia meno madoa ya kahawia, hayo husafishwa.