Ubao wa kupimia urefu wa mtoto, kazi ya seremala wa Mafinga

Mizani utaikuta karibu kila zahanati ya Iringa na Njombe. Ubao wa kupimia urefu ndio wa kutafuta kwa tochi, ilhali udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi mno kwa umri wake, hausomeki kwenye mizani. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 ulikuta asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, Njombe asilimia 50, wakati wastani wa nchi ni 30. Ndiyo maana ubao huu wa kienyeji, wenye bei nafuu kuliko wa kiwandani, unastahili kukaguliwa vizuri kabla ya kuubeba.

Umbo ni la kawaida: ubao wa mgongo wa sentimita 130, kibao kilichokazwa upande mmoja, na kibao kinachoteleza. Mtoto wa chini ya miaka 2 hulazwa, kichwa kikigusa kibao kilichokazwa. Kuanzia miaka 2 ubao husimikwa wima. Kilichokazwa kinakanyagwa, na kinachoteleza kinashuka hadi utosini.

Mbao ni paini ya Sao Hill. Ni nyepesi na inapanda bodaboda bila shida, lakini ikipigwa randa kabla haijakauka, masika ya kwanza tu inapinda. Vuta uzi kutoka ncha hadi ncha juu ya ubao: ukiona mwanga chini ya uzi, mrudishie fundi. Kwa kliniki ambayo ubao hautoki chumbani, agiza wa mninga. Ni mzito na ghali zaidi, ila mninga haupindi ovyo.

Ugomvi wetu mkubwa uko kwenye tepu. Mafundi wengi hubandika tepu ya cherehani kwa gundi. Tepu hiyo inavutika, gundi inaachia pembeni, na mara nyingi sifuri yake haianzi kwenye uso wa kibao bali milimita kadhaa mbele, kwenye kile kibati cha ncha. Dai tepu ya chuma iliyolazwa ndani ya mfereji, sifuri ikigusa kibao kilichokazwa. Kisha kata bomba la chuma la sentimita 60 kamili na ulipime kwenye ubao kila asubuhi kabla ya mtoto wa kwanza. Likisoma 60.3, usianze kazi.

Kibao kinachoteleza nacho kina tabia zake. Kiangazi kinalegea: ulegevu wa milimita 2 chini kwenye mfereji unakuwa mkubwa zaidi juu, pale nyayo zinapogusa. Kipime kwa skwea ya fundi, kikae nyuzi 90 hata ukikisukuma. Masika mbao inavimba na kibao kinakwama. Mpimaji anatumia nguvu, mtoto anajikunja magoti, kipimo kinapungua. Paka nta ya mshumaa kwenye mfereji. Oili hapana, inashika vumbi.

Wapo watakaosema sentimita moja si kitu. Mvulana wa miezi 24 akisimama, urefu wa kati kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO) ni sentimita 87.1, na mstari wa udumavu uko 81.0. Kosa la sentimita moja tu linatosha kumvusha mtoto upande usio wake, na kwenye utafiti wa kaya linapotosha kijiji kizima, maana ubao ni ule ule. Kulaza na kusimamisha navyo havilingani: aliyelazwa husoma takribani sentimita 0.7 zaidi, hivyo andika alipimwaje.

Hata ubao mzuri unaharibiwa na baridi ya huku. Makete au Mufindi mtoto anafika na kofia ya sufu na soksi mbili mbili, na mpimaji anaona huruma. “Mama, tumvue kofia na soksi, dakika moja tu.” Misuko iliyofungwa utosini ifumuliwe au isogezwe. Wapimaji wawe wawili. Mtoto akilazwa, mmoja ashike kichwa, tundu la sikio na ukingo wa chini wa jicho vikae kwenye mstari unaosimama wima kwa ubao, wa pili akandamize magoti yote mawili, si mguu mmoja, alete kibao hadi nyayo zilale bapa, asome hadi milimita. Kila mpimaji asome kivyake. Wakitofautiana zaidi ya sentimita 0.7, wote warudie.

Kwa tepu ya chuma na mbao kavu, ubao huu tunaupitisha kwa kliniki na kwa utafiti. Wa tepu ya cherehani hapana, hata wakupunguzie bei. Na ukishaununua usiusafishe kwa jiki: namba zinafutika, na za kwanza kupotea ni zile za 50 hadi 90 zinazoguswa kila siku. Kitambaa chenye maji ya sabuni kinatosha, kisha uanikwe kivulini ukiwa umelala bapa.