Uzoefu wangu: jakuzi la nyumbani kwa mama mwenye baridi yabisi

Nilinunua jakuzi, yaani beseni kubwa la maji ya moto yanayorushwa kwa pampu, kwa sababu ya magoti ya mama yangu. Ana baridi yabisi ya miaka mingi, na daktari wake alipotueleza kwamba kukaa ndani ya maji ya moto kwa muda mfupi huweza kulegeza viungo vilivyokakamaa, nikaamua kutafuta jakuzi la kudumu la kuweka nyuma ya nyumba. Tumelitumia kwa mwaka mmoja na miezi minne sasa, na ninamwandikia anayekaribia kununua, kwa maana niliyoyapa uzito dukani na niliyoyakuta nyumbani ni mambo mawili mbalimbali.

Chombo hiki kina asili inayofanana na shida yetu. Candido Jacuzzi, mmoja wa ndugu waliokuwa na kampuni ya pampu huko Marekani, alibuni pampu ya kukanda mwili kwa maji kwa ajili ya mwanawe Kenneth, aliyekuwa na baridi yabisi tangu utotoni, na mwaka 1956 kampuni ya ukoo wao ikaanza kuiuza. Mimi, niliyekuwa na mgonjwa wa aina hiyohiyo, nilianza kwa kuhesabu matundu ya kurushia maji, kwa kuwa ndiyo yanayosifiwa katika kila tangazo. Nilikuwa tayari kulipia jakuzi lenye matundu 60, ila nikamwomba kwanza muuzaji alijaze maji ili mama aketi ndani. Maji yalimpapasa tu, kwa sababu pampu moja ililazimika kugawa nguvu zake kwa matundu yote hayo. Tena kiti chake kilikuwa cha kujilaza, na mama, ambaye ni mwepesi, akawa anaelea huku miguu ikitafuta pa kujizuia. Katika jakuzi la pili, lenye matundu 28 na pampu mbili, aliketi wima, maji yakamfika mabegani, na mgongo ukakandwa barabara. Hilo ndilo tulilochukua. Muuzaji asiyekubali kukujazia maji ujaribu, mimi nisingenunua kwake.

Uzito nao si wa kukisia. Jakuzi letu linachukua lita 1,200, yaani kilo 1,200 za maji peke yake. Ukiongeza chombo chenyewe na watu wanne, unakaribia kilo 1,800 mahali pamoja. Fundi wa kwanza alitaka kuliweka juu ya vigae vya baraza, nami nikakataa, nikamwagisha sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 10, iliyopimwa kwa timazi ya maji. Umeme ulifungwa na fundi mwenye leseni, pamoja na swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Katika jambo hili usimsikilize mtu anayekuahidi njia ya mkato.

Ninalolijutia ni kifuniko. Nilipokea kilichokuja na jakuzi bila kukikagua, nikidhani kazi yake ni kuzuia majani. Kumbe joto jingi la jakuzi hupotelea juu ya maji, hasa kwa mvuke, na kifuniko chembamba au kisichobana huliacha liende zake. Ili kupandisha joto la lita 1,200 kwa nyuzi moja tu, kunahitajika takriban yuniti 1.4 za umeme; kutoka nyuzi 18 hadi 38 ni yuniti 28 hivi, na hita yetu ya kilowati 2 huchukua saa 14 kuzikamilisha. Kifuniko kile kilianza kunyonya maji mwezi wa saba, kikawa kizito hata mama asiweze kukiinua, na matumizi ya umeme yakapanda. Nilipomrudia muuzaji, akaniambia kwamba dhamana haikihusu. Nilinunua kingine kinene, chenye sponji ngumu iliyofungwa vizuri na ukingo unaokaa sawasawa juu ya beseni, na tofauti niliiona katika mita.

Utunzaji wa maji unataka nidhamu, na muuzaji aliugusia kwa sentensi moja tu. Maji ya moto humaliza klorini upesi, na bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu, hustawi katika maji vuguvugu yaliyoachwa bila dawa. Kwa hiyo napima kwa karatasi za vipimo kabla mama hajaingia: klorini isipungue miligramu 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Chujio nalisuuza kila wiki, na maji yote tunayabadilisha kila baada ya miezi mitatu. Kila mtu huoga kwanza, kwani mafuta ya mwilini na sabuni ndivyo vinavyoyachafua haraka.

Nyuzi 40 ndicho kikomo, lakini mama huwekewa 38 na hukaa kwa dakika 15, kama alivyoelekezwa na daktari. Wajukuu walio chini ya miaka mitano hawaingii kabisa, na mjamzito au mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Kasoro iliyobaki ilikuwa ngazi ya plastiki, ambayo huteleza ikilowa. Nimechimbia mshikio wa chuma kwenye zege, kando ya kona anayopandia, na tangu hapo mama huingia na kutoka bila kuningoja nirudi kutoka kazini.