Baiskeli ya shokapu mbili Mtwara: ipi uchukue, ipi uiache

Ukishaacha lami na kuingia njia za mikoroshoni upande wa Nanyamba na Tandahimba, mchanga unashika tairi na mizizi inakurusha kwenye tandiko. Hapo ndipo watu wanapoanza kuulizia baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma. Naipenda sana aina hii. Ila inataka matunzo, na nyingi zinazouzwa hazistahili hela yako.

Namba moja ni mtumba wa kampuni inayojulikana, kama Giant, Trek, Scott au Specialized, wenye shokapu za upepo zinazoruhusu gurudumu kupanda na kushuka milimita 100 hadi 130. Zaidi ya hapo unajibebesha uzito tu, labda kama kazi yako ni kuteremka miteremko ya Newala. Shokapu ya upepo ina valvu kama ya tairi la gari, na nyingi zina kinobu, mara nyingi chekundu, cha kurekebisha kasi ya kurudi. Kabla hujalipa, ikalie uibonyeze kwa nguvu. Ikiruka juu kwa kishindo hata ukizungusha kinobu, ndani kumekufa. Kisha shika tandiko, uinue nyuma polepole. Ukisikia inagonga, beringi za viungo zimelika. Hizo zisikutishe, kwani namba yake imeandikwa ubavuni, mfano 6902, na unaweza kuitafuta kwenye maduka ya beringi na spea za pikipiki. Cha kukukimbiza ni ufa kwenye uchomeleaji wa fremu, au mkwaruzo unaonasa kucha kwenye bomba la shokapu linaloingia na kutoka.

Pampu ya shokapu iwe ndani ya bajeti yako. Usikubali fundi pancha aijaze kwa kompresa: nafasi ya upepo humo ni ndogo mno, presha inapanda ghafla na kuharibu sili, yaani mpira unaozuia upepo usivuje. Kupima kama upepo unatosha ni rahisi. Kuna kipete cha mpira kwenye bomba la shokapu ya nyuma. Kama hakipo, funga uzi. Kisukume hadi kwenye sili, panda taratibu ukiwa na begi lako, kaa bila kuchezacheza, kisha shuka. Kipete kiwe kimesogea asilimia 25 hadi 30 ya urefu wote wa kubonyea. Kwa shokapu ya nyuma ambayo yenyewe inabonyea milimita 50, hiyo ni milimita 12 hadi 15. Kikizidi, ongeza upepo, kikipungua, toa. Mbele asilimia 20 inatosha. Kinobu cha kurudi kianzie katikati: ikikurusha, punguza kasi, ikibaki imezama kwenye mashimo yanayofuatana, iongeze. Tairi nazo zisijazwe zikawa ngumu, maana mchangani zitazama.

Ukikaa Mikindani, Msimbati au Lindi mjini, adui yako ni chumvi. Osha kwa ndoo na kitambaa, usiipeleke kwenye mashine ya kuoshea bodaboda, maana ile presha inasukuma maji na mchanga ndani ya beringi. RockShox, watengenezaji wa shokapu, wanataka miguu ya shokapu ya mbele ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa oili mpya kila saa 50 za kuendesha. Kwa vumbi letu la kiangazi, usivuke hapo.

Namba mbili ni yenye shokapu ya mbele tu. Kwa bei ileile utapata breki na gia bora zaidi, na nyuma inakubali karia. Kama unabeba korosho au ndoo za maji, hii ndiyo namba moja yako, kwa sababu fremu nyingi za shokapu mbili hazina pa kufunga karia.

Namba tatu ni zile mpya za bei poa zenye springi nene nyuma. Springi yenyewe si tatizo, zipo nzuri. Tatizo ni kwamba hizi hazina oili ya kutuliza mrudio. Zinadunda kila unapokanyaga pedeli, ni nzito, na bushi za plastiki kwenye viungo zinalegea mapema. Kama hela yako inaishia hapo, rudi namba mbili.