Kigeuzi cha RS485 kwenda Wi-Fi: kifaa kizuri, mwongozo balaa
Nakipa nyota nne: kinaunganisha vifaa vya RS485 (mawasiliano ya data kwa nyaya mbili, A na B) na Wi-Fi. Mipangilio unaifungua kwenye kivinjari cha simu, na skrubu za nyaya A na B zinakaza vizuri. Vihisi vyangu vya joto vinatumia Modbus RTU (lugha ya mawasiliano ya vihisi na mitambo) kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti 8 za data, bila pariti (biti ya kukagua makosa). Ukiiacha ile kasi ya 115200 iliyowekwa kiwandani, taa inamemeta tu na jibu halirudi. Mwongozo hausemi popote kwamba kinashika Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake, wala kwamba A ya kampuni moja huweza kuwa B ya nyingine. Vihisi visipojibu, geuza nafasi za nyaya A na B kabla hujailaumu programu! Kilichonifurahisha ni Modbus TCP (Modbus inayopita kwenye mtandao) kwenye poti 502: kompyuta inasoma rejista za kihisi, yaani nafasi zinazohifadhi vipimo vyake, moja kwa moja. Waya ukiwa mrefu, weka rezista ya omu 120 kila ncha ili mawimbi ya data yasirudi nyuma na kuvuruga mawasiliano. Kwenye boksi hazimo.