Mashine ya kukamulia alizeti iliyoundwa Iringa: inafaa, ila kagua skrubu na chujio

Mnunuzi wa mashine ya alizeti Nyanda za Juu Kusini ana njia mbili: aagize kutoka China au India, au aundiwe na karakana za hapa hapa. Tunapima hii ya pili, ya skrubu (shafti lenye kingo za mzunguko linalosukuma na kukandamiza mbegu ndani ya silinda), yenye mota ya nguvu farasi 10 na uwezo wa kama kilo 100 kwa saa.

Sifa yake kubwa ni vipuri, na hiyo ni matunda ya sera. SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, iliundwa kwa sheria mwaka 1973 ili viwanda vidogo vifike mikoani, na Iringa ikapata kituo cha kuendeleza teknolojia. Ndiyo maana leo skrubu ikilika unaichomelea na kuichonga upya mjini, huku mwenye mashine ya nje akisubiri mzigo bandarini katikati ya msimu.

Kazini inaridhisha, ukiijua. Alizeti iwe na unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Ikiwa mbichi zaidi inageuka uji ndani ya silinda, inazunguka na skrubu bila kusonga mbele. Ikikauka kupita kiasi inasagika unga na mafuta yanatoka meusi yenye tope. Usianze na mbegu mashine ikiwa baridi. Pitisha mashudu (mabaki ya mbegu zilizokamuliwa) kwa dakika 15 hadi 20 mpaka silinda ishike moto, kisha ingiza alizeti kidogo kidogo huku ukikaza koni, yaani kizuizi cha mdomo wa kutokea mashudu, hadi mashudu yatoke membamba kama milimita moja na nusu. Ukikaza mapema shafti inakwama, na hapo ndipo mikanda inapoungua.

Pima mavuno kwa mizani, si kwa macho. Kilo 100 zikitoa kilo 25 za mafuta, ni kama lita 27, kwa kuwa lita moja ina uzito wa gramu 920 hivi. Mavuno yakishuka kwa mbegu ile ile, tazama kingo za skrubu: zikiwa za mviringo, mafuta yako yanaondoka na mashudu. Adui wake ni mchanga. Alizeti iliyopigwa chini, kama inavyofanyika sana Ismani, mkoani Iringa, ipite kwenye chekeche na sumaku kabla ya kuingia hopa.

Udhaifu wenyewe uko kwenye chujio. Karakana nyingi huuza mashine na pipa lenye kitambaa, basi. Mafuta hayo yanaonekana safi siku ya kwanza, halafu baada ya wiki yanatua mashapo chini ya dumu na mteja anadhani yamechakachuliwa. Yanahitaji kutulia saa 48 kwenye tangi lenye bomba juu ya kitako, kisha kupita chujio la sahani na vitambaa kwa pampu. Chujio hilo liingize kwenye bajeti tangu mwanzo. Kwetu ni sehemu ya mashine, si nyongeza.

Hapa ndipo sera inapotuacha njiani. Bajeti ya 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka nje toka asilimia 10 hadi 25, na wa yaliyosafishwa toka 25 hadi 35, ili alizeti ya Iringa, Chunya na Singida ipumue. Ushuru unalinda bei ya mafuta, hauchuji tope. Mkamuaji mdogo anakwama rafuni kwa sababu ya uangavu na nembo. Nembo ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, huombwa kwa barua ya utambulisho kutoka SIDO, na ofisi ya kanda iko Mbeya, lakini jengo lazima litenge chumba cha mbegu na mashudu na kile cha kujazia chupa. Wengi huweka vyote chumba kimoja, vumbi likatua kwenye mafuta, wakarudishwa. Fedha za umma za utafiti wa karakana zingeenda kwenye chujio dogo la bei nafuu na chuma kigumu cha skrubu, faida ingeonekana ndani ya msimu mmoja.

Kabla ya kuagiza, hakikisha una umeme wa fezi tatu. Dai skrubu ya akiba na ulizia imechomelewa kwa fimbo za chuma kigumu au za kawaida. Malipo ya mwisho yabaki mkononi mpaka mashine ikamue magunia mawili ya alizeti yako mwenyewe, mbele yako, mfululizo bila kuzimwa.