Kuondoa filamu ya kinga iliyozeeka kwenye rangi ya gari: kipi ununue kwanza na kipi ukiache dukani

Filamu ya kinga inayobandikwa kwenye boneti, milango na bampa hutengenezwa ili ikae miaka kadhaa kisha iondolewe, lakini wenye magari wengi huiacha mpaka jua liimalize kabisa. Ikifikia hapo hugeuka manjano, kingo zake hushika vumbi jeusi, na ukijaribu kuibandua kwa ukucha hukatika vipande vidogo vidogo huku gundi ikibaki palepale. Hali ni hiyohiyo kwa stika za biashara. Anayenunua Land Cruiser iliyokuwa ikibeba watalii Arusha anaweza kukuta nembo ya kampuni iliyopita bado imeng'ang'ania milangoni, imepasuka kama tope lililokauka. Jambo la kwanza analouliza dukani ni dawa gani itaitoa, na kwa maoni yangu hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea, kwa sababu kinachotoa filamu ni joto, na dawa kazi yake ni ile gundi inayobaki nyuma.

Kabla ya kununua chochote, tambua kwanza ulichonacho. Filamu angavu ya kinga kwa kawaida ni ya poliuretani, ina unene wa mikroni 150 hadi 200 hivi (mikroni elfu moja ni milimita moja), na ikipashwa moto huvutika vizuri hata baada ya miaka mingi. Stika za vinili ni nyembamba zaidi, aghalabu chini ya mikroni 100, nazo ndizo zinazosumbua, kwa kuwa jua huondoa vile viungo vinavyozilainisha na kuziacha zikiwa kavu na rahisi kuvunjika. Chini yake ipo rangi, na juu ya rangi ipo klia, yaani tabaka angavu linaloikinga rangi, ambayo kwenye magari mengi haizidi mikroni 40 au 50. Kila mkwaruzo unaouongeza unakula sehemu ya unene huo mdogo, na klia ikiisha hakuna polishi itakayoirudisha.

Tambua pia kama rangi ni ya kiwandani au ya gereji. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi na hushika bati barabara, ilhali iliyopulizwa gereji hukaushwa kwa joto la chini zaidi, na kama fundi hakusafisha na kupiga msasa ipasavyo inaweza kung'oka pamoja na filamu. Tazama mipira ya madirisha na bawaba za milango: ukiona chembechembe za rangi mahali zisipostahili kuwapo, sehemu hiyo imewahi kupulizwa. Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa, ikishika mlango mmoja kwa nguvu na mwingine kwa ulegevu, huonyesha palipo na puti, yaani kijazo cha kusawazishia mibonyeo. Kwenye gari la namna hiyo anza na kona ya chini isiyoonekana, na rangi ikianza kuinuka simama hapohapo.

Nafasi ya kwanza naipa chombo cha kutoa hewa moto, na kwa mtu anayefanya kazi hii mara moja nyumbani, drayer ya kawaida ya kukaushia nywele inatosha. Wengi hawaamini mpaka waone, kwa sababu wamezoea kumwona fundi akitumia ile mashine kubwa ya hewa moto. Mashine hiyo ni nzuri na ni ya haraka, lakini hewa yake inaweza kufika nyuzi 500 au zaidi, na ikisimama mahali pamoja kwa sekunde chache tu huweza kuvimbisha klia au kuikunja bampa ya plastiki. Ukiamua kuinunua, chagua yenye kidhibiti cha joto kinachopanda na kushuka taratibu, siyo yenye swichi ya hatua mbili pekee. Lengo ni bodi iwe ya moto kiasi kwamba mkono unaigusa lakini hautamani kukaa, yaani karibu nyuzi 60. Filamu ikiwa baridi hukatika, na ikizidi moto hunyumbuka kama ubani wa kutafuna na kuacha gundi yote nyuma.

Namna ya kuvuta ina uzito sawa na joto lenyewe. Pasha kona, iinue kwa ukucha au kwa kipande cha plastiki, kisha ikunje irudi juu ya mgongo wake na uivute polepole, karibu na bati, huku hewa moto ikitangulia mbele ya mkono kwa upana wa kiganja. Ukiivuta kwa kuielekeza kwako moja kwa moja, nguvu yote inaishia kwenye rangi. Kuna sauti ndogo ya kuchanika mfululizo inayosikika gundi inapoachia vizuri, na sauti hiyo ikikatizwa na mshtuko, ongeza joto kabla ya kuendelea. Jua la mchana la Dar es Salaam au Mombasa ni msaidizi mzuri wa hatua hii, hasa kwa gari jeusi, na hupunguza muda wa kazi bila gharama yoyote.

Pamoja na drayer nunua vikwangulio vya plastiki, vile vyenye makali ya wembe lakini si vya chuma. Ni bei ndogo mno kulinganisha na kazi vinayofanya. Ukivikosa, kadi ya benki iliyokwisha muda hufaa kwa sehemu bapa.

Nafasi ya pili ni dawa ya kutoa gundi. Gundi ya filamu nyingi ni ya akriliki, nayo haiyeyuki kwa maji wala sabuni, bali hulainika kwa viyeyusho vya mafuta ya petroli au vya maganda ya machungwa. Hapa bidhaa ninazozipendelea ni zile zilizoandikwa wazi kwamba zinafaa kwa rangi ya gari, kama vile Goo Gone ya magari (Automotive) au viondoa gundi vya 3M, na ukiwa kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, soma maandishi ya chupa kabla ya kusikiliza ahadi za muuzaji. Kazi hii, tofauti na ile ya kwanza, ifanyike kivulini na bodi ikiwa baridi, kwani juani dawa hukauka kabla haijapenya. Lowanisha gundi, iache dakika chache, na kwenye mlango uliosimama wima funika kwa nailoni ili dawa isitiririke. Kisha futa kwa kitambaa laini cha maikrofaiba ukigeuza upande safi kila mara, maana kitambaa kilichojaa gundi na vumbi hukwaruza kama msasa. Dawa hizi huwaka moto, kwa hiyo usipulize hewa moto mahali penye dawa mbichi hata kidogo, na uvae glavu.

Mafuta ya taa na WD-40, yale mafuta ya kopo ya kupuliza, nayaweka nafasi ya tatu. Vyote hulainisha gundi kwa njia ileile, polepole zaidi, na haviidhuru rangi iliyokauka vizuri mradi usivisugue kwa nguvu wala kuviacha vilale. Kwa mwenye stika moja au mbili, sioni sababu ya kununua kingine. Kasoro yake ni utando wa mafuta unaobaki, ambao lazima uoshwe kwa sabuni kisha ufutwe kwa spiriti ya isopropili ya duka la dawa, la sivyo nta au filamu mpya haitashika.

Gurudumu la raba, lile la rangi ya karameli linalofungwa kwenye drili, linastahili maelezo ya pekee kwa sababu ndilo linalonunuliwa kwa matumaini makubwa na kutumiwa vibaya kuliko vyote. Kwa vinili iliyokwisha kuvunjikavunjika, ambayo haivutiki hata kwa joto, hakuna kinacholishinda. Hata hivyo magurudumu mengi ya aina hii yana ukomo wa mizunguko 4,000 hivi kwa dakika, ilhali grenda ndogo ya kawaida huzunguka 10,000 na zaidi, na ukilifunga kwenye grenda linaweza kupasuka au kuunguza rangi mara moja. Litumie kwenye drili pekee, kwa mguso mwepesi unaohama muda wote, juu ya rangi ya kiwandani iliyo kwenye bati. Kwenye bampa za plastiki na rangi ya gereji liache kabisa.

Mashine ya mvuke hufanya kazi nzuri sana kwenye filamu ya poliuretani, lakini haina faida ya kutosha kuinunua kwa ajili ya gari moja, na ni afadhali kwenda kwa mwosha magari aliye nayo.

Vipo vitu ambavyo nasisitiza visinunuliwe kwa kazi hii, hata fundi akivisifu. Tina, yaani kiyeyusho cha kuchanganyia rangi, hulainisha rangi ya gereji ndani ya muda mfupi na kuiacha ikinata, na ikidondokea taa za mbele, ambazo ni za plastiki, hutia ukungu na nyufa ndogo zisizofutika. Petroli ina kemikali iitwayo benzini, inayodhuru afya kwa kuvutwa na kwa kugusa ngozi, na mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo tu. Wembe wa chuma unafaa kwenye kioo, siyo kwenye klia.

Filamu ikiisha kutoka, huenda ukaona umbo lake limebaki kama kivuli, hasa pale palipokuwa na nembo. Hiyo si gundi, na dawa zaidi haitasaidia: rangi iliyofunikwa ilikingwa dhidi ya jua huku ya pembeni ikififia. Udongo maalumu wa kusafishia rangi (clay bar) ukifuatiwa na polishi laini hupunguza tofauti hiyo, wakati mwingine huiondoa, lakini kwenye rangi nyekundu iliyokaa juani miaka mingi tofauti inaweza kubaki, na mnunuzi wa gari anapaswa kulijua hilo wakati wa kupatana bei. Ukimpa fundi kazi hii, muulize kabla hajaanza atatumia joto gani na dawa gani, na ukubaliane naye ni nani atalipa rangi ikinyanyuka. Kama sehemu italazimika kupulizwa upya, iache rangi mpya mwezi mzima hivi ikauke kabla ya kubandika filamu nyingine juu yake.